Kufuatilia afya ya mahujaji kwa simu: mwongozo kwa viongozi wa misafara ya Dar es Salaam

Msimu wa hija ukikaribia, maswali ya viongozi wapya wa misafara huwa yale yale. Tupakue programu gani? Tuwanunulie wazee saa janja pale Kariakoo? Arafa mtandao unashika? Mwongozo huu unayajibu kwa utaratibu. Umepangwa kwa msafara wa watu 40 hadi 50 wenye kiongozi mmoja, mhudumu mmoja wa afya na vijana wanne au watano wa kusaidia. Kama unampeleka mama au baba peke yake, fuata hatua hizo hizo na uruke zinazohusu kikundi.

Tangu mwanzo elewa hivi: simu inatunza namba na kukukumbusha, basi. Mtu anaokolewa na yule aliyeiona namba, akajua mpaka wake, akaamka kwenda. Katika hija ya 2024 joto kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301. Wengi wa waliofariki walikwenda bila kibali na walitembea mbali juani bila kivuli wala pa kupumzikia. Kwa hiyo kibali halali, hema na maji vinatangulia. Kifaa chochote kinakuja baada ya hapo.

Mahitaji

- Mashine 2 za presha za kufunga mkono wa juu, zenye mkanda wa sentimita 22 hadi 42. Zile za kufunga kifundo cha mkono ziache dukani.
- Vipima sukari 2 vya aina moja, ili stripu zitumike kwa vyote viwili. Anayejichoma insulini mhesabie stripu 4 kwa siku, wa vidonge 1, kisha ongeza theluthi ya akiba. Mtu mmoja wa insulini kwa siku 30 ni stripu 120, na akiba zinakuwa 160.
- Oksimita 2 za kidoleni, za kupima oksijeni.
- Vipimajoto 3 vya kidijitali vya kwapani.
- Simu janja 2, au simu moja na kishikwambi kimoja. Kimoja cha kazi, kingine cha akiba kikiwa na kila kitu kilichomo kwenye cha kwanza.
- Pawabenki 3 za mAh 20,000 na nyaya za ziada. Chaja zetu za pini tatu zinaingia kwenye soketi za Saudi Arabia.
- Sefti boksi ndogo ya sindano, pamba, na spiriti isiyo na manukato. Vitambaa vya kupangusia vyenye marashi haviwafai waliomo kwenye ihramu.
- Pakiti za kutosha za ORS, yaani unga wa kuchanganya na maji kwa aliyepungukiwa maji mwilini.
- Daftari gumu na kalamu. Usiliache hata kama simu zako ni za gharama.

Vifaa vya tiba nunua kwenye duka la dawa au la vifaa tiba lililosajiliwa, udai risiti. Kuhusu saa janja: ya bei ya kati inatosha kuonyesha mapigo ya moyo na hatua. Ile inayodai kupima sukari bila kutoboa ngozi usiiamini hata kidogo. Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu wasitumie saa wala pete za namna hiyo, kwa kuwa mgonjwa anaweza kujichoma insulini kwa kufuata namba ya uongo. Presha inayoonyeshwa na saa ya bei rahisi nayo iache.

Hatua ya 1: Ijue hali ya kila mtu, wiki 8 kabla ya safari

Mtume kila hujaji kliniki yake, au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu naye: Amana, Temeke au Mwananyamala. Mwenye tatizo la moyo aonane na daktari wake, kama ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete basi huko huko. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe mapema, maana inatakiwa iwe imetimiza angalau siku 10 kabla ya kuingia Saudi Arabia.

Kisha wagawe katika rangi tatu. Nyekundu ni wa insulini, wa moyo, wa figo, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye pumu iliyomlaza, na yeyote aliyelazwa ndani ya miezi sita. Njano ni wa presha au sukari ya vidonge, na kila aliyevuka miaka 65 hata kama anasema hana tatizo. Waliobaki ni kijani.

Mwambie kila wa nyekundu na njano amuulize daktari maswali matatu na arudi na majibu kwa maandishi: dawa zangu za kutoa maji mwilini nizitumieje kwenye joto kali, presha na sukari yangu ikifika wapi nimuone daktari, dawa zangu zipo zinazohitaji kibali kuingia Saudi Arabia? Swali la tatu watu hulidharau. Tramadol, diazepam na pregabalin zinadhibitiwa kule. Dawa zote zibaki kwenye maboksi yake, pamoja na cheti cha daktari.

Hatua ya 2: Pata ridhaa, kisha tengeneza fomu

Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Andaa karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayosema unachukua taarifa gani, nani ataziona, zitafutwa lini. Msomee asiyeona vizuri, naye atie sahihi au dole gumba. Mpe kila mtu namba, kwa mfano H-07, na kwenye fomu tumia namba hiyo badala ya jina. Orodha ya namba na majina ikae kwa kiongozi na mhudumu tu.

Usifanye kundi la WhatsApp la msafara kuwa daftari la afya. Ukiandika humo kwamba sukari ya bibi fulani imefika 18, umemwambia jirani yake, shemeji yake na mtu wa Tandika asiyemjua.

Kwa fomu, tumia KoboToolbox, mfumo wa kukusanya taarifa: unaitengeneza fomu kwenye kompyuta, unaipakua simuni kwa programu yake ya KoboCollect, na inajazwa bila intaneti. Mtandao ukirudi, inatuma. Maswali yasizidi kumi:

namba ya hujaji, tarehe na saa, presha ya juu, presha ya chini, mapigo, sukari (na kama amekula au hajala), oksijeni, joto, dawa amemeza au hajameza, dalili.

Kila sehemu ya namba iwekee kikomo ili kosa la kidole likataliwe papo hapo. Presha ya juu ikubali 60 hadi 260 tu, sukari 1 hadi 35 (kwa mmol/L). Bila kikomo, mtu ataandika 14 akimaanisha 140, na usiku ule hakuna atakayegundua.

Hatua ya 3: Chapisha kadi ya dharura

Kila hujaji avae shingoni kadi ngumu yenye msimbo wa QR. Kosa la kawaida ni kuweka ndani ya msimbo kiungo cha tovuti: mtandao ukikatika, kadi haina kazi. Weka maandishi yenyewe, yasizidi herufi 300 ili msimbo usomeke upesi: namba yake, umri, magonjwa, dawa na kipimo, mzio, namba ya simu ya kiongozi yenye +255 au ya laini ya Saudi. Andika kwa Kiarabu na Kiingereza, na Kiarabu apitie anayekijua. Upande wa nyuma chapisha yale ya lazima kwa macho ya kawaida, kwa sababu si kila muuguzi atatoa simu kuskani. Kadi hii isifunike kadi ya Nusuk, ambayo ndiyo inayomruhusu kuingia maeneo matakatifu.

Hujaji mwenye simu janja mjazie pia taarifa za dharura zinazoonekana kioo kikiwa kimefungwa. Kwenye Android zimo ndani ya mipangilio ya usalama na dharura, kwenye iPhone zimo ndani ya programu ya afya.

Hatua ya 4: Andika mipaka, daktari aipitishe

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka. Hii ni mipaka ya kuanzia, na daktari wa kikundi anaweza kuibadilisha kwa mtu mmoja mmoja:

- Presha 180/120 au zaidi: mkalishe dakika 5, pima tena. Ikibaki hivyo na ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida, kichwa kinamuuma sana, haoni vizuri au upande mmoja umelegea, ita gari la wagonjwa. Kama hana dalili, amuone daktari siku hiyo hiyo. Asipewe kidonge cha mwenzake.
- Presha ya juu chini ya 90 na kizunguzungu: mlaze, inua miguu, mwite mhudumu.
- Sukari chini ya 4.0: mpe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, ita gari.
- Sukari juu ya 14 mara mbili mfululizo: daktari siku hiyo. Akitapika au akihema kwa nguvu, ni dharura.
- Oksijeni 92 au chini: daktari leo. Chini ya 90, dharura.
- Joto la mwili 38 au zaidi: daktari. Anayechanganyikiwa, kuropoka au kuanguka juani mhesabu kama amepigwa na joto hata kipimajoto kikisema vingine.

Namba za kuhifadhi kwenye kila simu: 911 kwa dharura Makka, 997 kwa gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu ya Saudi Arabia, na 937 kwa ushauri wa Wizara ya Afya ya kule.

Hatua ya 5: Fanyeni mazoezi hapa Dar kwa wiki mbili

Wa nyekundu na njano wapimwe asubuhi na jioni, siku zisizopungua saba. Namba hizo ndizo hali yao ya kawaida, na bila hizo hutajua kama 150/95 ya Mina ni mpya au ni ya kila siku.

Presha ipimwe mtu akiwa amekaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini haijapishana, mkono mtupu mezani usawa wa moyo, bila kuongea. Pima mara mbili, mwachano wa dakika 1 au 2, andika zote. Kahawa na kutembea haraka viwe vimeisha nusu saa nyuma.

Sukari: mikono ioshwe kwa maji na kukaushwa. Hili lina uzito wa pekee kwa mahujaji, kwani tende ziko mkononi muda wote. Aliyeshika tende akachoma kidole bila kunawa anaweza kuonyesha sukari ya kutisha ambayo haimo kwenye damu yake. Kama hakuna maji, futa tone la kwanza na upime la pili.

Oksimita: kina mama wengi hupaka hina na piko kabla ya kuondoka. Piko nyeusi na rangi ya kucha huzuia mwanga wa kifaa, namba ikashuka au isitoke kabisa. Waambie mapema waache kidole kimoja kila mkono bila kupaka.

Wakati wa mazoezi zima data kwenye simu ya kazi siku mbili nzima, mjaze fomu hivyo hivyo, kisha muwashe na kutuma. Kisha wapelekeni kutembea kilomita 3 jioni, maana safari saba za Safa na Marwa peke yake zinafika hapo. Mwangalieni nani anakosa pumzi.

Weka pia kengele za dawa. Tahadhari ya saa: dawa ya saa mbili asubuhi kwenye simu ni 08:00, na ya saa mbili usiku ni 20:00. Kijana akiandika 02:00, mzee ataamshwa usiku wa manane na dozi ya asubuhi itapita. Zuri ni kwamba saa za Saudi Arabia na Tanzania hazipishani, kwa hiyo kengele ulizoweka Dar hazibadiliki huko.

Hatua ya 6: Kufunga mizigo

Dawa zote, insulini, stripu, mashine moja ya kila aina na pawabenki ziingie kwenye begi la mkononi. Pawabenki haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege. Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 (kipimo cha nishati kinachotumiwa na mashirika ya ndege), chini ya kikomo cha kawaida cha Wh 100. Insulini iliyofunguliwa iwekwe kwenye kipochi cha ubaridi, isigusane na barafu. Wa sensa ya sukari ya begani (kifaa kinachobandikwa kwenye ngozi na kupima sukari muda wote) waivae na kunyoa nywele za mahali hapo kabla ya kuhirimia, kwa kuwa ndani ya ihramu hawatanyoa, na wachukue ya akiba: sensa nyingi hudumu siku 10 hadi 14.

Hatua ya 7: Ratiba ya Madina na Makka

Nyekundu wapimwe asubuhi na jioni, njano mara moja kwa siku, kijani waulizwe tu kila jioni: umekunywa maji, umekojoa, umelala? Chagueni muda ambao watu wako hotelini, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Usimpime mtu aliyetoka kwenye tawafu sasa hivi. Apumzike nusu saa.

Kila usiku mhudumu apitie namba zote. Anachotafuta ni mwelekeo. Mzee aliyekuwa 130, jana 145, leo 160 anahitaji kuulizwa habari za vidonge vyake usiku huo, ingawa hajavuka mpaka wowote.

Majibu ya sukari ya hospitali za kule mara nyingi utayakuta kwa mg/dL. Gawa kwa 18 upate namba uliyoizoea, ya mmol/L: 180 ni 10.

Hatua ya 8: Mina, Arafa na Muzdalifa

Kuanzia tarehe 8 Mfungo Tatu badilisha mfumo. Mtandao unajaa, watu wanasogea, umeme wa kuchaji ni wa kugombea, na mwanamume ndani ya ihramu hana mfuko. Fanyeni hivi.

Simu iwe kwenye mkanda wa kiunoni, ndani ya kipochi cheupe, isiachwe juani. Simu nyingi zimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 35. Zikipita hapo hujipunguza mwanga, huacha kuchaji, kisha huzima. Masheikh wengi wanaruhusu mkanda na saa ya mkononi, lakini mwulize sheikh wa msafara wako kabla, ili hoja hiyo isizuke mbele ya hema.

Gawa watu kumi kumi, kila kumi kijana mmoja. Kila baada ya saa mbili kijana ahesabu watu wake kwa macho, kisha atume SMS fupi kwa mhudumu: "K3 10/10" ikimaanisha kundi la tatu wote wapo na wote wazima. Ikiwa mmoja ana shida: "K3 9/10 H-07 kizunguzungu hema 12". SMS hupenya pale ambapo intaneti imekwama. Usitegemee simu za kupitia intaneti.

Kushirikisha mahali ulipo kwa WhatsApp hudumu muda wa saa nane tu, kwa hiyo kuwashwe upya asubuhi na mchana. Usikutumainie sana kati ya mahema na ndani ya mahandaki. Namba ya hema na kituo cha kukutania viandikwe kwenye kadi.

Siku ya Arafa, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, nyekundu wabaki kivulini. Mwenye saa janja aangaliwe mapigo: amekaa kivulini dakika 10 na bado yako juu ya 120, mpeni ORS (maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida lita moja), mpozeni, na mhudumu aitwe. Wagonjwa wa moyo na figo, kiasi cha maji kiwe kile daktari alichowaambia.

Aliyepigwa na joto anapozwa kwanza, kabla ya kupimwa na kabla ya gari kufika: kivuli, maji mwili mzima, upepo wa feni au kanga, vitambaa vya baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Akiwa amechanganyikiwa asinyweshwe. Mmoja apige 997 au 911, mwingine asimame njiani na kadi ya mgonjwa mkononi.

Mambo yanayokwama na namna ya kuyatatua

*Mashine ya presha inaandika kosa au inabana mara mbili mbili.* Mkanda umelegea, mtu anaongea, au betri zinakwisha. Vidole viwili tu ndivyo vipite chini ya mkanda. Badilisha betri kabla ya kuilaumu mashine.

*Kipima sukari kinakataa kufanya kazi.* Kimepata joto. Kiweke penye ubaridi dakika 20 hadi 30, kisha rudia. Kichupa cha stripu kifungwe kila mara. Kilichoachwa wazi au kwenye basi lenye jua stripu zake zimeharibika, hata kama tarehe haijapita.

*Kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso kinasema 35.* Paji lina jasho na hewa ina joto kuliko kifaa kinavyovumilia. Tumia cha kwapani, ukaushe kwapa kwanza.

*Sensa ya sukari inapishana na kidole.* Tofauti ndogo ni ya kawaida, hasa sukari inapopanda au kushuka kwa kasi. Mtu akijisikia vibaya, fuata kidole.

*Fomu hazitumwi.* Zimo kwenye simu, usifute programu. Zitume usiku wa manane mkirudi hotelini. Kila jioni nakili za nyekundu kwenye daftari.

*Laini mpya ya Saudi imeharibu orodha ya simu.* Hifadhi namba zote kwenye simu yenyewe badala ya laini, zikianza na +255. Laini ya kule inasajiliwa kwa pasi na alama za vidole, hivyo mwenye laini aende mwenyewe.

*Mzee hataki kupimwa.* Usimlazimishe wala kumpima kwa hila. Mpeleke kijana wa familia yake au mama wa makamo anayemheshimu, amweleze kwamba anapimwa ili aitimize ibada yake. Akikataa tena, muulize dalili kwa mdomo na uandike.

Mkisharudi

Endeleeni kuwauliza watu habari zao kwa siku 14: homa, kikohozi, kuhema kwa shida. Virusi vya MERS, vilivyogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, vinaweza kuchukua hadi siku hizo kuonyesha dalili. Mwenye dalili avae barakoa, aende hospitali, na aseme mlangoni kabisa kwamba ametoka hija. Ushauri wa simu hapa nyumbani unapatikana bure kwa 199.

Stripu na sindano zilizotumika zipelekwe kwenye kituo cha afya ndani ya sefti boksi, zisitupwe kwenye jalala la mtaa. Mpe kila mtu nakala ya vipimo vyake aipeleke kliniki, kisha futa fomu kwenye simu zote mbili na kwenye akaunti, uchane orodha ya majina, na uwajulishe kwa SMS kwamba umefanya hivyo.